Mama Ploti Aliyewanyima Wazee Chai

Nikimkumbuka, ninamkumbuka akinichokoza. Nilikuwa mpangaji wake kule Waithaka, pembezoni mwa Nairobi, chumba namba tano, na kazi yangu ilikuwa kufuma sweta za wanafunzi kwa mashine iliyokaa kando ya kitanda. Safari yangu ya kwenda kazini ilikuwa kugeuka ubavu. Yeye alipita mlangoni kwangu asubuhi na ndoo, akarudi saa sita, akanipata pale pale.

"Fundi, wewe ni mwanamume ama ni pazia?"

"Pazia pia lina kazi yake, Mama."

"Pazia angalau huoshwa."

Sote tulimwita Mama Ploti, na wale waliofurushwa walimwita majina mengine. Ploti yenyewe ilikuwa mistari miwili ya vyumba vya mabati vinavyotazamana, bomba katikati, na geti moja lenye komeo aliloliamini kuliko mume yeyote. Giza likianza kuingia, komeo liko ndani, na ukichelewa utaeleza ulikokuwa mpaka majirani wajue. Redio ya sauti ya juu hakutaka. Pasi ya stima hakutaka. Ukianika nguo kwenye kamba yake, anazikung'uta kwanza aone kama ulizikamua vizuri. Balbu ya chumbani ilikuwa ya mwanga wa kukuonyesha tu kwamba kuna giza.

Lakini kule nyuma, kwenye njia ya bafu na choo, aliweka balbu kubwa iliyowaka usiku kucha, na stima yake alilipa mwenyewe. Tulimtania kwamba ploti yetu choo ndicho kiliishi mjini na sisi tuliishi mashambani. Hakucheka. "Huko nyuma ndiko mtu hujificha," alisema, akaendelea kuchambua mchele.

Na kulikuwa na chumba namba nne, kilichopakana na changu. Ndicho kilikuwa kizuri kuliko vyote: sakafu bila ufa, dirisha linalotazama bomba, paa lisilovuja. Hakikukodishwa. Watu walikuja na pesa mkononi, mwalimu mmoja akaja hadi na godoro kichwani, wakajibiwa neno moja.

"Kimeshikwa."

"Na nani?"

"Na mtu."

Mimi niliyelala upande wa pili wa bati nilijua hakuna mtu. Hata panya hawakukaa humo. Lakini kila wiki nilimsikia akifagia, akibadilisha shuka ambayo hakuna aliyeilalia. Siku moja aliacha mlango wazi nikachungulia. Kitanda, leso mbili, dera la kumtosha mtu wa mwili wowote, kandambili, na chini ya mto bunda la karatasi za khaki, zile za kufungia sukari dukani. Nilifikiri bibi yetu ameanza kuchanganyikiwa. Niliamua kumheshimu zaidi, maana mwenye nyumba aliyechanganyikiwa anaweza kusahau kupandisha kodi.

Nilielewa siku alipokuja mwanamke mmoja, mchana, jua linawaka. Alisimama getini kama mtu aliyesahau alichotumwa. Mama Ploti alimwona, akaweka ndoo chini, na sauti ikatoka kwake ambayo sikujua anayo.

"Kuja, mama. Keti hapa. Hakuna mtu wa kukugusa."

Akampeleka namba nne. Ukuta wa bati hauna siri, kwa hivyo nilisikia kabla sijajua kwamba sifai kusikia.

"Usioge kwanza. Najua unataka. Hata mimi ningetaka nijichubue ngozi. Twende hospitali hivyo hivyo, na tukirudi nitakuchemshia maji mpaka uchoke kuoga."

Nguo za mwanamke zilikunjwa ndani ya khaki. Mfuko wa nailoni hakutaka hata kuuona. Ndani ya nailoni nguo hutoa jasho, alisema, na jasho huharibu ushahidi. Kisha akavaa koti lake la bluu, akampeleka hospitali kubwa ya mjini, maana dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi haikungoji ujisikie vizuri. Siku ya tatu ikipita, haina maana tena. Hilo alilisema kwa kikundi cha akina mama, kwa kinyozi, kwa vijana wa kuosha magari, na kwangu mimi ambaye sikuwa nimeuliza.

Mambo haya hakuzaliwa akiyajua. Zamani, binti wa mpangaji wake mmoja alirudi nyumbani ameumizwa, na Mama Ploti ndiye aliyemshika. Alimfanyia walivyofanya wanawake wote wa pande zetu kwa upendo: akachemsha maji, akatia chumvi, akamwogesha kama mtoto mchanga, akamfulia nguo mpaka zikang'aa. Kufika polisi, hakukuwa na cha kuonyesha.

"Nilifua kesi yote, Fundi," aliniambia. "Nikaikamua, nikaianika pale kwa kamba. Mwenye kufanya hiyo kitu akawa anapita hapa nje akiiona ikikauka."

Tangu hapo namba nne haikupata mpangaji.

Alikuwa na njia yake ya kuuliza maswali. Alikuuliza kama unatoka damu, kama umekula, kama kuna mtu nyumbani atakayekutafuta. Swali moja hakuuliza kamwe: ni nani? Nilimuuliza sababu, akanitazama kama mtu aliyesahau kuvaa suruali.

"Nikijua ni nani, nitaanza kumfikiria. Ati mama yake ni mtu mzuri. Ati alinisaidia kubeba gunia. Hilo jina ni la polisi. Mimi langu ni maji ya kunywa na kuandamana naye."

Na mimi, pazia, nilipewa kazi. Namba nne ikipata mtu, Mama Ploti aligonga bati langu. "Fundi, endesha mashine." Mwanzoni nilidhani amenihurumia kwa uvivu. Kumbe ile krr-shaa, krr-shaa ya mashine ilimwambia aliyelala upande wa pili kwamba kuna mtu karibu, yuko macho, ana shughuli zake, na haji. Sijawahi kusifiwa kwa kutokwenda mahali ila hapo tu.

Vijana wa ploti aliwakusanya bombani, wakisubiri maji, kwa sababu mtu mwenye mtungi nusu hawezi kutoroka.

"Msichana akinyamaza, amekubali?"

Wengine walicheka. Mmoja akasema, "Si akinyamaza ni kama amekubali, Mama?"

"Haya. Mwezi jana nilinyamaza juu ya kodi yako. Kwani nilikusamehe?"

Kicheko kikahamia upande mwingine. Kijana akashika mtungi wake kama ngao.

Mji aliuchukia kabisa. Alijua hospitali, kituo cha polisi na korti, na njia za kuunganisha hizo tatu. Siku moja tukiwa katikati ya jiji nilimwonyesha jengo refu jipya la vioo, nikamuuliza kama analijua. "Silijui," alisema. "Huko hakuna mtu wangu amewahi kulia." Akavuka barabara bila kuangalia magari, na magari yakasimama.

Sasa nieleze kitu ambacho hakikupatana na uchoyo wake wote: chai. Mwanamke aliyehesabu matone ya bomba alipika chai ya maziwa kwenye sufuria ya harusi. Jumapili baada ya kanisa, mdogo wake wa kike alikuja kutoka upande wa pili wa Waithaka na watoto wake, wakakaa kwenye vigoda uani mpaka jua lishuke. Mdogo wake alikuwa na kikombe chake, cha bati, cha kijani, kilichoning'inia kwenye msumari peke yake. Ukikigusa ulikuwa na makosa. Walikuwa wakicheka na huyo mdogo wake kicheko kimoja, ukiwasikia kutoka ndani huwezi kujua ni watu wawili.

Na kulikuwa na kijana wa huyo mdogo wake, aliyemwita Mama Ploti Tata, yaani mama mkubwa kwa lugha yao. Ndiye aliyeongoza kwaya ya kanisa lao. Alikuwa na sauti ambayo hata mimi, nisiyekwenda kanisani kwa sababu kanisa liko nje ya nyumba, niliipenda. Mama Ploti alimwekea ukoko wa chai, ule utando mzito wa juu wa maziwa. Hakuna mwingine aliyepewa. Alimtazama akiula kwa kijiko, na uso wake ukawa hauna kodi ndani yake.

Kisha Jumatatu moja asubuhi akaja msichana. Alikuwa mfanyakazi wa nyumbani Lavington, kwenye zile nyumba zenye kuta ndefu na askari wa mlangoni, na Jumapili yake ya mapumziko alikuja kusali Waithaka. Kwao ni magharibi, mbali, na hapa Nairobi hakuwa na mtu. Mama mmoja wa kanisani ndiye aliyemwonyesha geti letu. Mambo yakafuata utaratibu wake: keti, kunywa maji, usioge, leta nguo hapa. Mashine yangu ikaendeshwa.

Kisha bati likagongwa. "Fundi, vaa viatu. Leo pazia linatoka."

Alitaka mwanamume wa kukaa naye kwenye benchi la polisi, maana wanawake wawili peke yao wangeachwa wangoje mpaka wachoke. Tulianza na hospitali ya mjini. Msichana alipewa dawa, akapimwa, akaandikiwa. Nilikaa nje nikisoma bango moja la malaria tena na tena. Mchana tukarudi upande wetu, kituoni.

Askari alikuwa mtu wa mtaa, si mkali. Aliuliza taratibu, msichana akajibu taratibu, Mama Ploti katikati yetu na ile khaki mapajani.

"Aliyekufanyia hivi unamjua?"

Msichana alitaja jina. Akasema ndiye anayeongoza kwaya, kwamba alimwambia atamsindikiza kwenda stage kupanda matatu.

Nilimtazama Mama Ploti. Alikuwa anatazama mbele. Vidole gumba vyake vilikuwa juu ya mkunjo wa khaki, vikiupapasa kwenda na kurudi.

Askari aliweka kalamu chini. "Mama, huyu si ni wa kwenu?"

Vidole viliendelea kwenda na kurudi.

"Basi labda mwende muongee nyumbani kwanza. Hiyo nguo mnaweza kukaa nayo. Hata kesho si mtarudi?"

Msichana akatutazama mmoja mmoja, na akaelewa. Alisimama, akanyoosha mkono kuchukua kifurushi chake. "Nilikuwa sijui, Mama. Nisamehe. Sikujua ni mtoto wenu."

Nimesikia watu wakiomba msamaha maishani, mimi mwenyewe ni bingwa. Huo ndio ulioniumiza.

"Unaniomba msamaha ya nini?" Mama Ploti alisema. "Wee, keti."

Msichana akaketi. Mama Ploti akainuka, akaweka khaki juu ya meza, karibu sana na mkono wa askari.

"Andika."

"Mama, fikiria vizuri."

"Nimefikiria. Andika ati ananiita Tata. Andika hiyo pia, wasije kusema nilificha."

Kurudi nyumbani alitembea mbele yetu njia yote. Alipofika alichemsha maji ya kuoga, ndoo baada ya ndoo, kama alivyoahidi. Kisha akaingia kwake, akajifungia.

Kijana alikamatwa, na wazee wakaja Jumamosi: watatu wa ukoo, wawili wa kanisa, na mdogo wake mwenyewe amebeba kiondo chenye maziwa, majani na sukari. Mimi niliitwa nikae pale uani. "Wewe unajua kukaa," aliniambia. "Kaa."

Kwa wasiojua: pande zetu, mkutano wa kuongea mambo nyumbani huanza na chai. Kabla vikombe havijawekwa chini hakuna anayegusa kilichowaleta. Na mtu akishanywa kwako, mkaongea, ni aibu umwache aondoke mikono mitupu. Lazima umpe kitu: nusu ya neno, nafasi ya kurudi. Kesi nyingi za mtaani zimeishia ndani ya kikombe namna hiyo, kwa mbuzi, kwa blanketi na kwa maombi, na msichana akirudishwa kwao. Wazee walijua. Kwa hivyo walikaa wakangoja.

Waliongea juu ya mvua. Waliongea juu ya mahindi yaliyochelewa. Mzee mmoja akakohoa kikohozi cha kuomba kikombe. Mahindi yakarudiwa.

"Mama," akasema mwishowe, "si tupate hata kitu ya moto?"

"Jiko limezima."

"Si liwashwe? Maziwa tumekuja nayo."

"Litawashwa korti ikimaliza."

Nilitazama jiko. Alikuwa ametia maji juu ya makaa, majivu yamekuwa uji. Wazee wakatazamana. Hakuna aliyejua mkutano unaanzishwaje bila chai. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Mmoja alifungua mdomo kusema jambo lenyewe, akaufunga. Wakainuka, wakavaa kofia zao, wakaondoka na mahindi yao.

Mdogo wake alibaki getini na kiondo.

"Ulimwosha huyo mtoto akizaliwa," alisema.

"Nilimwosha."

"Na sasa unamfunga."

"Huyu wa namba nne pia kuna mtu alimwosha akizaliwa."

"Basi kaa na yeye. Mimi hutaniona kwa hii nyumba."

Na kweli.

Msichana alikaa namba nne muda wote wa kesi, maana Lavington walishampata mwingine kabla hajapona. Alikuja kukaa mlangoni kwangu, kwanza akizungusha uzi tu, halafu akiuliza. Nilimfundisha mashine. Alinizidi kwa mikono ya sweta, jambo ambalo Mama Ploti alilitangaza bombani. Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena, na kila mara koti la bluu lilivaliwa. Mwishowe kijana alifungwa. Msichana alirudi kwao, na sasa anafuma sweta za shule za huko. Nikiwa bado namba tano alikuwa akipiga simu kwangu, nami nampa Mama Ploti, ambaye aliipigia kelele simu kana kwamba ni kiziwi.

Lakini nilitaka kusema juu ya Jumapili. Kanisani alikaa benchi lake lile lile, na watu wakasogea, si kwa ubaya, kidogo kidogo, mpaka akabaki na benchi zima, kama mtu aliyeshikia wengine nafasi. Akirudi nyumbani alipika chai. Kipimo hakikupungua. Sufuria ya harusi, maziwa yale yale, vigoda vimepangwa. Kisha bati langu: "Fundi! Hii chai itamwagwa!" Nilikunywa mpaka nikawa natembea nikisikika. Nyingine tuligawa kwa watoto wa ploti. Kikombe cha kijani kilibaki msumarini. Ukoko aliutoa kwa kijiko, akauweka kwenye kisahani, na baadaye akaumwaga.

Siku moja tu alisema kitu. Nzi wawili walikuwa juu ya sukari.

"Unafikiri bado anaimba huko ndani?"

Nikaomba chai nyingine, ambayo sikuihitaji.

Baadaye nilioa, nikahamia mtaa wa Satellite, safari ya karibu ambayo Mama Ploti aliiita kwenda ng'ambo. "Utuandikie," alisema. Nilimtembelea mara chache kuliko nilivyokusudia. Nina mlango mzuri sasa, na unafunga vizuri.

Mara ya mwisho nilipomtembelea alikuwa amepungua, magoti yanamkataa, ploti nusu haina watu, namba nne ingali imefagiwa. Ilikuwa Jumapili alasiri. Tulikuwa tumekaa uani, jiko linawaka, sufuria bado haijawekwa, geti lilipogongwa. Aliijua ile namna ya kugonga. Mkono wake ulikwenda kwenye kitambaa cha kichwa kukirekebisha.

Mdogo wake aliingia na kiondo. Alikuwa amezeeka pia. Walitazamana kama watu wanaosoma maandishi madogo. Mama Ploti akaanza kuinuka, na macho yake yalikuwa yameshafika kwenye kikombe cha kijani.

"Kaa tu, usijisumbue," mdogo wake alisema. "Wakili ameniambia kuna rufaa. Anataka useme ile siku hukuwa na hakika. Ati pengine msichana alitajiwa hilo jina. Ni hivyo tu. Halafu haya mambo yaishe, nikuwe nakuja. Si nimekuja?"

Mama Ploti alikuwa nusu amesimama. Alikaa polepole. Alichukua jagi la maji lililokuwa kando yake na akayamwaga juu ya makaa. Mvuke ukapanda kati yao.

"Chai yako iko," alisema. "Imekuwako miaka yote. Ukikuja kuniona nitaipika. Ukikuja umetumwa, hakuna."

"Mimi ni mama yake."

"Najua. Na mimi ni Tata yake. Hakuna siku haijaniuma."

Mdogo wake aliyatazama majivu. Kisha akachukua kiondo chake, na maziwa yake ndani, akatoka. Hakugombana. Ningependa angegombana.

Giza lilikuwa linaanza. Niliinuka nikatia komeo, kwa mazoea, maana hiyo ndiyo ilikuwa saa yake na ndiyo ilikuwa sheria.

"Wacha geti, Fundi."

"Kunaingia giza, Mama."

"Nimesema uwache. Hata stage hajafika."

Nikatoa komeo. Aliniambia niwashe jiko upya, nikaliwasha, nikaweka sufuria kubwa bila kuuliza kipimo. Alikiondoa kikombe cha kijani msumarini, akakipangusa kwa leso ndani na nje, akakiweka kwenye kigoda kilichokuwa wazi. Nikasema mke wangu ataniuliza nilikokuwa.

"Mwambie ulikuwa nyumbani," alisema. Halafu, bila kunitazama, mwanamke ambaye miaka yote alikuwa akinicheka kwa kukaa: "Si ukae kidogo."

Nikakaa. Chai ikachemka, geti likiwa wazi.